Nabii Alifunga Shamba Letu, Mto Ukalifungua

Nina miaka arobaini na moja, ni mjane, na kwa sasa naishi Sanje kwa dada yangu, nauza ndizi kando ya barabara kuu. Ukipita na basi ukamwona mwanamke mwembamba anakimbilia dirishani na mkungu begani, huenda ni mimi. Nakusalimu.

Siandiki haya kwa sababu nimepona, maana sijapona. Naandika kwa sababu kila wingu jeusi linapokaa juu ya milima ya Udzungwa, najua kule bondeni wapo watu wamekaa juu ya vibanda vyao wanasubiri ruhusa ya kuokoa roho zao... Na mwenye kuitoa ruhusa yuko mjini, kavu, ameshiba!

Mimi na marehemu mume wangu, Damasi, tulikuwa wakulima wa mpunga. Nyumba yetu ilikuwa Katindiuka, pembeni mwa mji wa Ifakara, na shamba letu lilikuwa mbali, ndani kabisa ya bonde la Kilombero. Msimu ukianza tulifunga nyumba, tukahamia shamba na sufuria zetu, mikeka na majembe. Huko tulijenga dungu, kibanda juu ya nguzo, tukaishi humo mpaka mavuno. Binti yetu wa pekee, Anjela, alikuwa bado shule ya msingi, kwa hiyo alibaki mjini na mama mkwe wangu.

Damasi alikuwa mlevi. Sitampamba kwa sababu amekufa. Alikunywa mpaka akalala mtaroni, na akiamka ananilaumu mimi kwa tope lililoganda kwenye suruali yake. Nilimpeleka kwa mganga, nikamshitaki kwa wazee, nikamsusia chakula, nikamsusia na maneno. Wapi! Nilifika mahali nikawa nasubiri tu siku ya kuitwa kwenda kumtambua.

Ndipo akaja mtu yule. Alijenga kanisa la mabati mtaa wa pili kutoka kwetu, na watu wakamwita Nabii. Jina lake sitalitaja. Tulizoea kuona wahubiri wanaoruka na kupiga kelele kwenye spika, lakini huyu hakuwa hivyo. Alikuwa mpole, mtu wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kukusikiliza mpaka umalize kisha anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Alikuja nyumbani kwetu kwa miguu yake. Akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni, akaomba maji kwenye beseni, akamwosha miguu Damasi aliyekuwa ananuka pombe na matapishi. Alimwosha taratibu bila kukunja uso. Damasi akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Tangu siku ile mume wangu hakuonja pombe tena. Naapa! Wasomaji wenzangu, hapo ndipo tuliponasa. Angekuwa tapeli siku ya kwanza, tungemkimbia siku ya kwanza. Lakini alinirudishia mume wangu, sasa ningemkatalia nini?

Mafundisho yake yalikuwa matamu, tena yalikuwa na mantiki. Alituuliza: nani kati yetu anaweza kuingia kwa mkubwa wa wilaya bila kupitia kwa msaidizi wake? Na huyo ni binadamu, itakuwaje kwa Mungu? Tulicheka, tukapiga makofi. Alisema sala ya mtu wa kawaida ni kama moshi wa kuni mbichi, unapanda mpaka darini kisha unarudi kukuunguza macho mwenyewe. Yeye ndiye aliyepewa njia. Sisi kazi yetu ni kumpelekea haja zetu, naye azifikishe, kisha atuletee jibu.

Polepole tukaacha kusali. Hakutukataza kwa fimbo, la! Tulijiona tu kama watu wanaomsumbua Mungu bila miadi. Mimi niliyefundishwa na mama yangu kupiga magoti kabla sijajua kuvaa viatu, nikawa naketi kwenye chakula na mume wangu, tunatazamana, halafu mmoja anasema, "Mungu wa Nabii wetu, tukumbuke," tunaanza kula. Mungu wa Nabii! 

Mwaka mmoja Anjela alishikwa na malaria kali, akalazwa. Usiku wote nilikaa pembeni ya kitanda chake, na bila kufikiri nikamwomba Mungu kwa maneno yangu ya zamani. Mtoto akapona. Jumapili nikasimama kutoa ushuhuda, nikasema dawa zilimsaidia na Mungu alinisikia nilipomwomba.

Nabii akatabasamu. Akaniuliza kwa upole, "Mama Anjela, ulimwomba wewe? Nani alikupeleka?"

Akageukia waumini, akasema kilichoingia nyumbani kwa mlango wa wizi huweza kuondoka kwa mlango huohuo. Akamtazama mtoto wangu aliyekuwa amekaa mbele, bado amekonda kwa homa. Alimtazama kwa muda mrefu, halafu akaendelea na mahubiri.

Kuanzia hapo niliogopa hata kuwaza sala. Nikijikwaa ikanitoka "Mungu wangu," nilijiziba mdomo kwa mkono. Ninyi mnaosoma mtacheka, lakini mimi nilikuwa na mtoto mmoja tu.

Sasa nieleze habari ya kufunga shamba, maana ndilo lililotumaliza.

Sisi watu wa bonde, tangu wazee wetu, tulizindika mashamba. Mganga alikuja akazunguka mipaka na dawa zake ili ndege, nguruwe na wezi wasiingie, akatuwekea miiko. Na shamba lililofungwa na mtu, hufunguliwa na mtu huyohuyo. Ukitoka humo kabla hajalifungua, kinga yote inakugeukia wewe na watoto wako. Hilo kila mtu bondeni analijua, hata anayejifanya haamini.

Nabii alisema uganga ni ushetani. Tukaitikia amina! Kisha msimu uliofuata akapita mashambani kwetu kwa pikipiki na chupa ya mafuta, akazunguka mipaka, akamwaga kila kona, akatuambia ameyafunga kwa jina la Mungu. Tulibadilisha chupa tu, wasomaji wenzangu! Mwiko ulikuwa uleule. Mwenye shamba asilale nje ya shamba mpaka Nabii apate jibu kutoka juu na kulifungua. Na kama hatakuja mwenyewe, atatuma kitambaa cheupe alichokiombea. Bila kitambaa, alisema, hata aje malaika msitoke.

Mimi niliruhusiwa kwenda na kurudi, kwa kuwa aliyefungwa na shamba ni kichwa cha nyumba. Damasi alipiga magoti kwenye matope akapokea mafuta kwenye paji la uso. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Aliniambia kwamba mtu aliyemtoa mtaroni hawezi kumwacha shambani.

Msimu wa kwanza tulivuna vizuri. Wa pili vilevile. Huo wa tatu...

Huo wa tatu mvua zilianza kama kawaida, tukapanda, tukapalilia. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na tulikuwa tunashinda tukiamia ndege kwa kelele na kombeo. Kisha ndege wakapungua. Nilifurahi kwanza. Baadaye nikajiuliza, wameenda wapi?

Siafu walianza kupanda nguzo za dungu. Tuliwamwagia majivu, wakapita juu ya majivu. Asubuhi moja nilimkuta nyoka amejiviringisha ndani ya sufuria ya ugali, hana habari na mimi, kama mgeni aliyepewa chumba. Viboko ambao huwa tunawasikia mbali upande wa mto, tukawa tunawasikia nyuma ya kichaka chetu. Na maji kwenye mfereji wetu, ambayo siku zote yalitiririka kuelekea mtoni, siku moja nikayaona yanatembea kinyume, yanatoka mtoni yanakuja kwetu... taratibu, bila sauti.

Nilimwita Damasi aone. Aliyatazama, akasema shamba limefungwa.

Majirani ambao hawakuwa wa kanisa letu walianza kuondoka. Walipita na mikeka vichwani na kuku miguu juu, wakatuita, tukawapungia mikono. Mmoja alituuliza tunamlinda nani.

Ndipo akaja mjomba wake Damasi, Mzee Severini. Huyu ni Mndamba wa mtoni hasa, mvuvi, mtu aliyelea watoto wake kwa perege na kambare. Alikuja na mtumbwi mpaka ukingoni mwa jaruba letu, mahali ambapo mtumbwi haukuwahi kufika tangu tulime pale. Hilo peke yake lingetosha kutufungua macho!

"Shikamoo, mjomba," Damasi alimwamkia.

"Marahaba. Pandeni tuondoke. Maji ya mwaka huu siyajui mimi."

Damasi akamweleza habari ya kitambaa. Mzee Severini alisikiliza, upondo wa kusukumia mtumbwi mkononi, mdomo wazi. Halafu akasema kwamba amezika watu wengi waliobishana na mto huu, lakini hajawahi kumzika aliyekuwa anasubiri kitambaa. Damasi alikasirika. Moyoni nilikuwa upande wa mjomba, lakini nilikumbuka Nabii alivyomtazama mtoto wangu.

Damasi alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Simu ya Nabii haikupatikana. Akapiga kwa mhudumu wake, mwanamke mmoja anaitwa Eveta, akajibiwa kwamba Nabii amejifungia kwenye maombi na Mungu hajasema kitu. Basi mume wangu akanigeukia. Akaniomba niende na mjomba mpaka Katindiuka, nikaonane na Nabii ana kwa ana, nirudi na kitambaa. Yeye atabaki.

Nilimsihi. Nililia. Nilimwambia tutarudi mpunga ukiwa bado upo. Akanishika mabega, akaniuliza kitu ambacho sitakisahau.

"Nikivunja hili, Mama Anjela, pombe ikirudi je?"

Niliijua pombe yake kuliko mtu yeyote. Nikapanda mtumbwi.

Tulipofika mbali kidogo Mzee Severini aliacha kusukuma. Akaniambia, "Mkwe, tukae hapa kidogo, kisha turudi. Mwambie Nabii amekubali. Chana hata kipande cha kanga yako."

Nilimfokea! Mimi, mtoto wa watu, nikamfokea mzee. Nilimuuliza anataka nimsingizie mtumishi wa Mungu, nilete laana juu ya nyumba yangu? Akanitazama kwa huruma, akaendelea kusukuma. Leo najua pale katikati ya maji ndipo nilipomuua mume wangu, kwa kukataa kusema uongo mdogo. Wachungaji wa kweli mnaosoma hapa, mnisamehe, lakini ndivyo ninavyoona.

Kwa mtumbwi, kisha kwa miguu, kisha kwa bodaboda, nilifika kanisani mchana. Mzee Severini alibaki na mtumbwi wake. Eveta alikuwa mlangoni mwa nyumba ya Nabii, iliyojengwa nyuma ya kanisa. Tukasalimiana, Bwana asifiwe, amina. Akaniambia nisubiri, Nabii yuko mlimani. Nyinyi mtafikiri amepanda Udzungwa. Kumbe mlimani ni chumbani kwake.

Nikakaa barazani. Mvua ikaanza tena. Walikuwapo na wengine wa bondeni, wanne au watano, kila mmoja na matope yake miguuni, kila mmoja anasubiri kitambaa. Kila ngurumo ikipiga tulitazamana, kisha tunatazama mlango.

Nilikwenda uani kuomba maji ya kunywa. Na huko ndiko nilikoona.

Uani palikuwa na trekta lenye tela, matairi yote yamejaa tope jeusi la bondeni, tope ninalolijua. Chini ya mabati palikuwa na mikeka imeanikwa, sufuria zenye masizi, majembe, kuku wamefungwa miguu. Msichana mmoja, kibarua wa Nabii, alikuwa anaosha mabuti. Maana Nabii naye alikuwa na shamba bondeni, kubwa kuliko la yeyote kati yetu, mbali kidogo tu na letu.

Nilimwamkia, nikamuuliza wametoka lini.

"Juzi," akasema. "Baba Nabii alitutumia trekta. Alisema maji yanakuja, tusichelewe."

Juzi!

Nikamuuliza tena, nikidhani sikusikia vizuri, naye akarudia bila wasiwasi, anaendelea kusugua buti.

Sijui nilipitaje mlangoni. Nadhani nilimsukuma Eveta. Nabii alikuwa amekaa kitandani, amejifunika shuka, chai mezani. Hakushtuka. Nikapiga magoti, maana hata kwa hasira ile bado nilikuwa mtumwa wake, nikamwomba kitambaa. Akasema Mungu hajasema. Nikamwambia nimeona trekta. Nikamuuliza: watu wako je? Wao walifunguliwaje?

Alisogeza kikombe chake cha chai.

"Mama Anjela," akasema, sauti ileile ya chini, "shamba langu sikulifunga."

Ni hayo tu. Hakuona aibu hata kidogo. Akaongeza kwamba akiwatoa watu sasa, mataifa watasema maombi yake yameshindwa na maji, na jina la Mungu litatukanwa. Tusubiri. Mungu anaweza kuugeuza mto saa yoyote.

Nilitoka pale mbio. Niliwapigia kelele waliokuwa barazani, nikawaambia nilichokiona. Wawili wakaondoka na mimi, kila mmoja akakimbilia kwa watu wake. Waliobaki walitazama chini. Mmoja, mama wa makamo, aliniambia niache kumkufuru mtumishi. Naambiwa alimpoteza kaka yake siku ileile.

Njiani nilikuwa nimeshaamua. Nitasema uongo, na uongo wenyewe utatoka kwa sauti kubwa! Bodaboda hakuweza kufika tulipoanzia, barabara ilikuwa imemezwa. Nilitembea kwenye maji mpaka kiunoni mpaka nikamwona Mzee Severini, naye alikuwa ananiita kabla sijafika.

Bonde lilikuwa limegeuka ziwa. Masuke yetu yalikuwa chini, hayaonekani. Tulipita juu ya mashamba ya watu bila kujua ni ya nani. Jua lilikuwa bado lipo, manjano, linapenya chini ya wingu, na kwa mbali nikaliona dungu letu limesimama peke yake. Na juu yake, mtu.

Alikuwa hai! Niliita mpaka koo likauma. Maji yalikuwa yamefika kwenye sakafu ya dungu, naye amesimama ameshika nguzo ya paa. Mkondo kati yetu ulikuwa mkali, unabeba magogo na matete mazima-mazima, na Mzee Severini alishindwa kusogea zaidi. Alishika mti mmoja, akaniambia atarusha kamba, Damasi aifunge kiunoni na aruke.

Nikapiga kelele, "Amekubali! Baba Anjela, amekubali! Ruka!"

Alinisikia. Niliona uso wake unafunguka. Kisha akapaza sauti.

"Kitambaa kiko wapi?"

Oh, ndugu zangu... Kamba ilikuwa imeanguka karibu kabisa na mguu wake. Angeinama tu. Lakini alisimama ananitazama, anasubiri kuona. Nilivaa gagulo jeupe chini ya kanga. Nikalichana palepale mbele ya mjomba wake, bila aibu, nikalipunga juu ya kichwa changu. Nilipunga na kupiga kelele na kulia.

Alitabasamu. Naapa alitabasamu! Akafanya kama anavyofanya mtu aliyetua mzigo. Akaachia nguzo, akainama kuchukua kamba.

Gogo lilikuja kutoka nyuma yake. Sikuliona mpaka lilipogonga. Dungu halikuvunjika kwa kishindo, lilikaa tu chini, polepole, kama ng'ombe anayelala, na mume wangu akaenda nalo. Niliona mkono mmoja. Kisha nikaona maji tu, na paa la nyasi likizunguka.

Mzee Severini alinizuia nisiruke. Alinikalia.

Wavuvi walimpata baadaye kwenye matete, chini sana. Sitaeleza.

Unadhani mkasa unaishia hapo? Siku ya mazishi Nabii alikuja. Alikuja na kundi lake, wamevaa meupe, wanaimba. Mama mkwe wangu alimpokea kwa magoti. Na Nabii akasimama mbele ya jeneza, akasema kwa upole wake kwamba marehemu alikuwa mtu mwaminifu, angeokolewa, Mungu alikuwa tayari kuugeuza mto. Lakini alitolewa kwenye agano kwa uongo. Alionyeshwa kitambaa ambacho hakikuombewa. Kumbe niliyomweleza mama mkwe wangu msibani yalimfikia. Hakunitaja jina. Hakuhitaji, watu wote waligeuka kunitazama.

Nilifungua mdomo nieleze habari ya trekta. Nani angenisikia? Wanawake walianza kuimba kwa nguvu.

Kibaya zaidi, Anjela aliniachia mkono. Alikuwa amenishika tangu asubuhi. Aliusikia uongo wangu unatangazwa mbele ya mwili wa baba yake, akatoa kiganja chake kwenye changu, akaenda kusimama kwa bibi yake. Wakabaki wote katika kanisa lile. Mimi ukoo ulinikataa, nyumba ikawa si yangu, na nikaja Sanje na nguo nilizovaa.

Kanisa lilipungua? Liliongezeka! Watu walisema, mnaona mtu akivunja neno lake kinachompata?

Miaka ilipita. Nilipiga simu, Anjela hakupokea. Nilituma ndizi, zikaoza bila kuchukuliwa. Msimu uliopita Mzee Severini alinipigia. Akasema bibi amezeeka, hawezi tena shamba, na Anjela amemaliza shule. Ndiye amepelekwa kukaa lile shamba la baba yake. Nabii amelifunga. Amempaka mafuta binti yangu kwenye paji la uso.

Sikumaliza kusikiliza. Niliacha ndizi barabarani.

Nilimkuta kwenye dungu jipya, peke yake, mkubwa, ana mabega ya Damasi. Mvua zilikuwa zimekaza na mfereji umejaa. Aliniamkia shikamoo kama unavyomwamkia mpita njia. Nilimweleza yote tangu mwanzo, trekta, chai, shamba lisilofungwa. Alinisikiliza, halafu akaniambia bila hasira kwamba mimi ni mwongo, nimeshawahi, na yeye hatoki bila neno.

Nikafungua mdomo nimdanganye tena. Nikaufunga. Sikuwa na uongo mwingine wa kumpa.

Basi nikapanda ngazi, nikakaa pembeni yake kwenye mkeka.

Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naketi. Akasema maji yanaweza kuja. Nikamwambia najua yanavyokuja, nimeyaona. Akaniambia niondoke, mimi sikupakwa mafuta. Nikamwambia kweli, sikupakwa, kwa hiyo kama kuna laana na inipate, na kama kuna maji na yanichukue, lakini hapa naondoka na wewe au siondoki. Kisha nikafumba macho, nikamwomba Mungu kwa sauti, kwa maneno yangu ya zamani ya mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Nilisubiri radi.

Hakuna kilichotokea. Vyura waliendelea kulia. Nilipofumbua macho Anjela alikuwa ananitazama.

Tulikaa hivyo mpaka mchana. Mara akasimama, akaanza kukunja mkeka niliokuwa nimeukalia, akanigusa bega nisogee.

"Mama," akasema, "tusipoondoka sasa tutakosa gari la Sanje."

Nataka kuwaambia kwamba siku iliyofuata maji yalikuja yakalibeba dungu lile. Ingekuwa hadithi nzuri. Hayakuja. Mwaka ule mto ulikaa mahali pake, mpunga ukavunwa na wengine, na Nabii akatangaza kwamba ndiye aliyeuzuia. Ukoo wa Damasi ulinicheka mpaka huku Sanje nikasikia. Wacha wacheke! Binti yangu yuko hapa anapanga ndizi, anagombana na mimi kuhusu bei, bado hajanisamehe yote.

Wasomaji wenzangu, sisemi msiende kanisani wala msikitini. Nendeni, ombeweni, waheshimuni viongozi wenu, wapo wa kweli wengi. Lakini mtu akikwambia Mungu hakusikii wewe mpaka upitie kwake, ondoka hapo. Usimsubiri amalize mahubiri. Usiangalie ni mema mangapi amekufanyia, maana hata Damasi alioshwa miguu.

Na kama una ndugu yako bondeni mwaka huu, amekaa juu ya dungu anasubiri neno, usimpigie simu. Mfuate. Ukimkuta, kaa naye mpaka asimame.